Mama Maabara na Kikohozi Chenye Majina Mengi

Mama Maabara hakulipenda neno "changamoto". Miaka ile watu walipokuwa wakikohoa na kuzikana, na jina la ugonjwa likitajwa kwa sauti ya chini kama jina la mkwe, karibu kila karatasi iliyotoka wodini kwenda dirishani kwake iliandikwa "changamoto ya upumuaji". Alikuwa akiisoma, anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga, kisha anaisoma tena kana kwamba maneno yangebadilika.

"Mhangaza wangu," aliniita siku moja mbele ya wagonjwa waliopanga foleni, "kamwambie daktari wako changamoto haina pua. Mimi napima pua."

Daktari hakuwa wangu, lakini nilikwenda nikamwambia.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika hospitali moja ya Biharamulo, mimi muuguzi wa wodi, yeye mkuu wa maabara. Jina lake lilibandikwa mlangoni, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Kuanzia wafagizi hadi mganga mfawidhi, sote tulimwita Mama Maabara, naye aliitikia kama aliyezaliwa nalo. Alikuwa wa zile familia za mjini ambazo wazee wao walikuja na biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Kanga ilikuwa mabegani daima, juu ya koti jeupe, na alipopita koridoni ulisikia udi kwanza, halafu spiriti, halafu ndiyo ukamwona mwenyewe, mfupi, mwepesi wa miguu, akiwa tayari amekwisha kukuuliza swali.

Kiswahili chake kilitutia hofu sisi tuliokipata shuleni. Mimi ni Mhangaza, kwetu Ngara nilikulia Kihangaza, na mpaka leo nikikasirika herufi zangu hupishana. Mgonjwa akisema "kolona", Mama Maabara alimsahihisha bila kufikiri: "Korona, baba." Mzee akarudia, "Ndiyo, kolona." Basi akakubali yaishe. Yeye mwenyewe, pamoja na kuishi maisha yake yote katikati yetu, alijua neno moja tu la kwetu, "mwaramutse", na akalitumia asubuhi, mchana na jioni. Nilimweleza mara nyingi kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi, kwamba jua likishapinduka tunasema "mwiriwe". Alinisikiliza kwa adabu, kisha saa kumi jioni akamwamkia bibi wa watu, "Mwaramutse!" na bibi akacheka hadi kikohozi kikamshika.

Kucheka kule hakukuwa bure. Watu walikiogopa kile kijiti cha pamba cha kupimia, kinachoingizwa puani. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kinafika kwenye ubongo, kwamba ukichomwa unarudi nyumbani umesahau majina ya watoto wako. Mama Maabara hakubishana nao. Alikaa nao kwenye benchi, akauliza habari za migomba, habari za ng'ombe, nani kaoa. Kisha akasema, "Hebu tazama darini pale, kuna mjusi." Mtu akiinua uso kumtafuta mjusi, kijiti kilikuwa kimeingia, kimezunguka na kutoka. Wengi waliondoka wakilalamikia mjusi kuliko pua.

Kumbe akiumwa yeye, hali ilikuwa nyingine. Mafua yakimshika, alikunywa habasoda na asali, akachemsha majani ya mkaratusi, akajifunika blanketi na sufuria yake ya mvuke akatoka amelowa kama aliyenyeshewa. Nilimkuta hivyo nyumbani kwake siku moja nikashindwa kujizuia.

"Mama, na wewe?"

"Maabara ni ya kujua," alisema akijipangusa. "Hii ni ya mama yangu. Yuko chumba cha pili, ana masikio. Nisipojifukiza hatakula leo."

Lakini ole wako umfukize mtoto mchanga. Aliletwa mtoto mmoja aliyeunguzwa kifua na mvuke wa nyungu, na Mama Maabara, ambaye hakuwa na kazi yoyote wodini, alikuja akasimama kando ya kitanda akimwangalia. Hakumgombeza mama yule. Alishika mkono wake tu akasema, "Ulitaka apumue. Najua." Kisha akaenda kumgombeza mganga mfawidhi kwa nini hatuwafundishi watu.

Hao wawili waligombana kama ndugu waliogawana shamba. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya virusi vingine vya kikohozi, visivyo korona. Mwanzoni, mgonjwa akija na homa na kikohozi, tulimpima korona. Ikiwa hasi, tulimwita "si korona" na kazi ikaishia hapo. Mama Maabara hakuridhika. Alitaka kila aliyeshukiwa apimwe na mengine: mafua makali ya influenza, na kile kirusi kinachobana mirija ya hewa ya watoto wadogo, ambacho yeye alikiita "cha wachanga". Baadaye vilipoletwa vifaa vipya, ile mashine yetu ya kupimia kifua kikuu iliweza kuvitazama vyote kwa mara moja, ila vitendanishi, zile dawa za kupimia, vilikuja kidogo, kama mvua ya mwezi wa saba.

"Mama, sikiliza," mganga mfawidhi alimwambia, mimi nikiwa pale na sinia la dawa. "Akiwa na influenza au na hicho cha wachanga, oksijeni ni ile ile. Panadoli ni ile ile. Nikitumia vitendanishi vyote leo kujua jina, keshokutwa akija aliyezidiwa kweli nimpime na nini?"

"Oksijeni ni ile ile, kitanda si kile kile," alijibu. "Unamlaza mtoto wa watu chumba cha kutengea, ubavuni mwa mzee mwenye korona, kwa kuwa wote wanakohoa. Aliingia na kimoja, atatoka na viwili."

Daktari alikuwa na hoja, na Mama Maabara alijua ana hoja, ndiyo maana alipandisha sauti. Mwishowe walikubaliana kwamba watoto wadogo na waliozidiwa watapimwa vyote, wengine watasubiri. Kila mmoja alitoka akiniambia kwamba mwenzake ameshindwa.

Masika ya mwaka ule watoto walijaa. Chumba cha kutengea kilikuwa na akina mama wamekaa hadi sakafuni, na majibu yalipoanza kurudi, wengi wa wachanga walikuwa na kile kirusi chao, si korona. Tuliwahamishia chumba chao. Nakumbuka Mama Maabara amesimama mlangoni akiwatazama wakipita na mabeseni na kanga, anamwuliza kila mmoja jina la mtoto, na barakoa yake imelowa. Alisema ni joto.

Wakati huo huo kulikuwa na yule mama wa Nyakahura aliyeuza maziwa kando ya barabara. Alilazwa kwetu na homa kali, gari la wagonjwa lilimfuata nyumbani, na watu wakaona wahudumu wamevaa mavazi ya kujikinga. Majibu yakatoka: influenza, na korona hakuwa nayo, tulipima na kurudia. Akapona akarudi. Lakini sokoni hakuna aliyeyagusa maziwa yake. Yaliganda ndooni hadi akawa anawamwagia mbwa. Alikuja hospitali kutuuliza kama kuna dawa ya kuwarudisha watu.

Mama Maabara alikuwa mkali juu ya siri za wagonjwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kutaja majibu ya mtu kwenye chai, akafukuzwa maabara siku ile ile na kurudishwa baada ya kuomba radhi kwa machozi. Lakini alimuuliza yule mama, "Unaniruhusu nikuseme?" Mama akasema, "Niseme, tafadhali, nimechoka." Basi siku ya soko tulishuka Nyakahura kwa gari la chanjo. Mama Maabara aliogopa ng'ombe vibaya sana, hata picha ya ng'ombe kwenye kalenda aliigeuza ukutani, na maziwa ya mtindi yalimtia kichefuchefu. Akapita katikati ya wafugaji na mifugo yao amekunja kanga hadi magotini, akafika kwenye ndoo, akaomba kikombe.

"Huyu alikuwa na mafua!" alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Mafua makali, yana jina, nimeyaona mimi kwa mashine. Na yamekwisha." Akanywa kikombe kizima amesimama. Kuna mzee mfugaji aliyemtazama sana, akacheka, akasema na yeye apewe. Wakafuata wengine.

Tuliporudi kwenye gari alinishika bega. "Funga dirisha, Mhangaza wangu, au fungua yote. Nitatapika."

Nimeanza na vicheko kwa kuwa ndivyo ninavyomkumbuka. Lakini kuna jambo la mwalimu wa Nyabusozi, na nikiliruka nitakuwa nimemchora mtu mwingine.

Mwalimu alikuwa kijana, hajaoa, anaishi na mama yake mzazi mwenye kisukari. Alikuja na homa na kikohozi kikavu, tukamweka chumba cha kutengea. Mashine siku hiyo ilikuwa imegoma, kwa hiyo Mama Maabara alitumia vipimo vya haraka. Cha korona kikatoka hasi. Cha influenza kikatoka chanya. Alikuja koridoni mbio, furaha imemjaa usoni.

"Influenza! Mtoeni humo ndani kabla hajaambukizwa cha kweli."

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba mwenye dalili kama zile, kipimo cha haraka cha korona kikiwa hasi, kirudiwe kwa mashine. Nilimkumbusha. Hakunifokea, alicheka tu. "Mwizi tumeshamkamata na kuku mkononi. Unamtafuta nani tena?" Mganga mfawidhi alikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda, alisaini mwalimu arudi nyumbani. Mama yake alikuja kumchukua na thermosi ya chai, akatushukuru mmoja mmoja.

Hazikupita siku nyingi wakaletwa wote wawili kwa gari la jirani. Safari hii mashine ilikuwa imetengenezwa. Mama yake mwalimu alikuwa na korona. Mwalimu alikuwa na korona na influenza kwa pamoja. Vilikuwemo vyote tangu mwanzo, na kile kipimo cha haraka kilikiona kimoja na kukikosa kingine. Kijana alipona polepole. Mama yake alifariki mchana, mtungi wa oksijeni ukiwa bado unavuma kando yake.

Mama Maabara hakuja kunywa chai nasi siku hiyo. Nilimfuata. Alikuwa amekaa mbele ya mashine, imezimwa, mikono mapajani.

"Nilifurahi mapema," alisema.

Mganga mfawidhi alimwomba asiende msibani kusema chochote. Hakuwa na nia mbaya. Alisema vipimo hukosea, kwamba hata katika hospitali kubwa mambo hayo hutokea, kwamba maneno yakitoka hayarudi na yanaweza kuishia mahakamani. Mama Maabara alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nimekuelewa, daktari." Kesho yake aliniomba nimsindikize Nyabusozi.

Tulikuta watu wamekaa uani wanasali rozari. Yeye Mwislamu alivua viatu, akakaa mkekani pamoja na wanawake hadi sala ilipokwisha, kichwa ameinamisha. Kisha akamwomba mwalimu wasogee pembeni, nyuma ya jiko, akaniomba na mimi nije ili asiseme kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

"Mwanangu," alimwambia, "kipimo cha kwanza kilisema una influenza, na ilikuwa kweli. Nikaona ukweli mmoja unatosha. Ilikuwa nikupime tena korona kabla hujarudi kwa mama yako. Huyu nesi alinikumbusha, nikacheka. Daktari alisaini kwa kuniamini. Ni mimi."

Mwalimu bado alikuwa dhaifu, ameegemea ukuta.

"Mama angeniuguza hata kama mngemkataza," alisema. "Nisingemweza. Lakini mimi ningejua. Ningelala chumba kingine. Ningevaa barakoa."

"Ndiyo," alisema Mama Maabara.

"Asante kwa kuja kuniambia. Sasa naomba uende, Mama."

Tukaenda. Tulipokaribia mjini akasema, "Amenifukuza kwa adabu. Ana haki." Kesi haikuja. Mganga mfawidhi hakumuuliza alikokwenda, ingawa nadhani alijua, kwa sababu wiki ile alimletea samaki wa ziwani amefungwa kwenye gazeti, akamwacha dirishani bila maneno.

Tangu hapo alibadilika, ila si kwa namna ya watu wanaoongoka. Aliendelea kuwa mgomvi, aliendelea kumdanganya kila mtu kuhusu mjusi. Lakini majibu yake yalianza kuja na maneno mawili mbele: "Hadi sasa, influenza." "Hadi sasa, hatujaona kitu." Wanafunzi walimwiga kwa siri, wakiulizwa kama chai ipo wanasema, "Hadi sasa, hakuna." Aliwasikia, akawaacha. Akiwafundisha, aliwaambia kwamba mgonjwa ni nyumba na mgeni mmoja akiingia hafungi mlango nyuma yake. Aliyasema haya bila kumtaja mwalimu, na mimi nilitazama chini.

Mwalimu alirudi kazini. Alituma kwetu watoto wa shule waliokuwa wakikohoa, na kila mzazi alikuja na ujumbe ule ule: mwalimu amesema apimwe vyote. Walipokutana mjini na Mama Maabara walisalimiana, "Shikamoo," "Marahaba, mwanangu," kila mmoja akaendelea na njia yake. Mwalimu hakumkwepa, wala hakusimama. Niliwahi kumuuliza Mama kama inamuuma. Akasema, "Ananiamkia. Unataka nini zaidi?"

Alistaafu bila sherehe kubwa, na mimi nikahamishiwa Ngara, karibu na kwetu. Tulipigiana simu, kisha simu zikapungua, kama ilivyo.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Benaco, njia panda ya kwenda Ngara, mchana wa jua kali, malori yamejipanga kuelekea mpakani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hoteli moja nikisubiri gari la kupanda kwenda Ngara mjini, nikasikia udi kabla sijageuka.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, Mhangaza wangu. Umenenepa, au ni sweta?"

Alikuwa safarini kwenda kwa binti yake aliyeolewa Ngara, basi lao limesimama abiria wale. Alikuwa amepungua, goti moja linamsumbua, lakini maneno yalikuwa yale yale. Alikuwa katikati ya kunisimulia jinsi mkwewe anavyokoroma ndipo akanyamaza ghafla, kichwa ameinamisha upande.

Nyuma yetu alikaa mama kijana na mtoto mgongoni. Mimi niliona mtoto amelala. Yeye alikuwa amesikia anavyopumua.

"Mwombe nimwone mtoto," aliniambia. "Mwombe vizuri. Asishtuke."

Nilimsemesha kwa Kihangaza. Akamfungua. Mtoto alikuwa wa miezi michache, matundu ya pua yanatanuka, ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa. Mama yake alieleza bila wasiwasi kwamba ametoka kumtibisha. Walimpima. Si korona. Alimshukuru Mungu, na sasa anakwenda kwa wazazi wake apumzike. Walimwambia arudi akizidi, lakini kwa kuwa si korona aliona ni mafua tu.

Nilitafsiri. Mama Maabara alimtazama mtoto kwa muda kidogo.

"Mwambie waliompima hawakumdanganya," alisema. "Mwambie amefanya vizuri kumpeleka. Ila mtoto amechoka kupumua, na akichoka zaidi ataacha. Twende naye sasa."

Kondakta wa basi alikuwa anapiga kelele abiria wapande. "Bibi, tunaondoka!"

"Nendeni," alisema bila kugeuka. Kikapu chake kilishushwa kupitia dirishani. Tulipakia bajaji sisi watatu na mtoto, goti lake limebanwa kwenye chuma, hadi kituo cha afya. Nesi wa pale alikuwa msichana mwepesi. Alimwona mtoto akaacha alichokuwa akifanya. Akamsafisha pua, akamwekea oksijeni, akasema atachukua sampuli waangalie na virusi vingine. Nilimtazama Mama Maabara nikidhani atasema kitu. Alitikisa kichwa kukubali, akasogeza kiti chake nyuma ili asimzibie njia.

Baada ya muda rangi ilirudi midomoni mwa mtoto. Aliligeukia titi, akaliacha, akalirudia, akashika. Mama yake, ambaye mpaka hapo hakuwa amelia, alianza kulia, akaniuliza kwa Kihangaza yule bibi ni nani.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia.

"Anauliza nini?" alisema Mama Maabara.

"Anauliza wewe ni nani."

"Mwambie mimi ni abiria mwenzake." Akainama akimnyooshea mtoto kofia ya sufu iliyokuwa imemshukia macho. "Halafu kamtafutie uji, na uwe wa maziwa. Mtoto ananyonya, na huyu tangu asubuhi hajala."